Mafahali Wawili, Zizi Moja

Mwezi uliopita rafiki yangu mchoraji alinitumia folda ya picha kwenye simu. Picha 214. Zote zilitengenezwa na akili unde, zote zilikuwa za Nairobi ya mwaka 2090, na zote zilipendeza. Nasema hivyo bila kejeli. Mvua ya usiku, taa za zambarau, majumba yaliyozama mawinguni, mwanamke wa shuka nyekundu anayetazama mbali huku nyaya zikimtoka kisogoni. Watu fulani wa filamu hapa mjini walikuwa wamempa kazi, na maagizo yao yalikuwa mafupi: picha ziko sawa, yeye asafishe tu mikono na macho. Yaani pale mashine ilipompa mtu vidole saba, apunguze viwili. Malipo ya picha kumi hayakufika bei yake ya mchoro mmoja.

Hakuanza na malalamiko ya pesa. (Hayo yalikuja baadaye, na yalikuwa marefu.) Aliniuliza kitu kingine: "Kuna kitu hakiko sawa na hizi picha, lakini sikioni. We unaona nini?"

Nilizipitia zote nikiwa kwenye matatu ya Rongai, na jamu ilinipa muda wa kutosha. Nilipoteremka nilikuwa nimechoka vile mtu huchoka harusini MC anaposema jambo lilelile kwa mara ya kumi. Picha ya kwanza na ya 214 zilikubaliana. Hata ndani ya picha moja, kila kitu kilikubaliana na jirani yake. Jumba lilikubaliana na mvua, mvua na shuka, shuka na nyaya. Hakuna mahali ambapo mtu alikuwa amebishana na mwenzake.

Usiku ule nikarudi kutazama Alien.

Kwa ambaye hajaiona: watu saba wako ndani ya Nostromo, chombo cha kuburuta mizigo angani. Nyuma yao wanavuta kiwanda cha kusafisha madini pamoja na tani milioni 20 za mawe ya madini. Wako njiani kurudi nyumbani. Kompyuta inawaamsha kwa sababu imenasa ishara ya ajabu, wanateremka kuichunguza, wanakuta chombo kilichoachwa na viumbe wasio binadamu, mmoja wao anainamia yai, na kutoka hapo ni kilio. Ridley Scott aliielekeza, studio ya 20th Century Fox ikaitoa mwaka 1979, na tangu siku hiyo filamu za mazimwi wa angani zimekuwa zikikopa kwake bila kurudisha.

Sikuirudia kwa sababu ya zimwi. Niliirudia kwa sababu ni filamu ambayo unaweza kuona, kwa macho yako, wachoraji wawili wasiokubaliana.

Lakini kwanza tuondoe uongo mmoja mtamu. Vile vitabu vikubwa vya sanaa ya filamu, vya bei inayokaribia kodi ya nyumba, hutufanya tuamini kwamba michoro ya awali, ile inayochorwa kabla kamera haijawashwa, ni ndoto safi ya msanii. Kazi yake ya kwanza huwa ni kumfungua tajiri mkono. Ralph McQuarrie, ambaye aliwahi kuichorea kampuni ya ndege ya Boeing, alichora picha chache za rangi za Star Wars mwaka 1975, na George Lucas akazitumia kuwaonyesha wakubwa wa Fox kitu ambacho mswada ulishindwa kuwaeleza. Scott naye alisomea sanaa, Royal College of Art ya London. Alipokabidhiwa Alien aliketi akaichora mwenyewe, tukio kwa tukio, na Fox walipoziona storibodi hizo wakapandisha bajeti kutoka dola milioni 4.2 hadi milioni 8.4. Mara mbili. Kwa penseli!

Kwa hivyo simlaumu mtu wa filamu wa Nairobi anayetaka picha za kumwonyesha mwenye pesa. Hiyo ni biashara halali na kongwe. Ninachoangalia ni kinachofuata, kwa sababu mchoro mzuri ukishamaliza kuuza huanza kuandika. McQuarrie alisoma kwenye mswada kwamba Darth Vader atavuka angani kutoka chombo kimoja hadi kingine, akajiuliza swali la fundi: huyu atapumua vipi? Akamvalisha kinyago cha kupumulia. Sasa jaribu kumfikiria Vader bila ile pumzi.

Alien yenyewe ilianza na mpira wa ufukweni. Dan O'Bannon, aliyeandika mswada, alikuwa ametengeneza na John Carpenter filamu ya vichekesho ya pesa kidogo, Dark Star (1974), na kiumbe wao wa angani alikuwa mpira wa plastiki uliopakwa rangi na kuwekewa miguu. Baada ya hapo O'Bannon alitaka zimwi ambalo halichekeshi mtu. Mwaka 1975 akaenda Paris kufanya kazi na Alejandro Jodorowsky, mwelekezi mzaliwa wa Chile, aliyekuwa na mpango wa kuigeuza riwaya ya Dune kuwa filamu ambayo dunia haijawahi kuona. Jodorowsky alikuwa anasajili wachoraji kama kocha mwenye wazimu: Mfaransa Jean Giraud, maarufu kama Moebius, Mwingereza Chris Foss, mtu wa majalada ya vitabu, na Mswisi mmoja wa ajabu aliyeitwa H. R. Giger. Pesa hazikupatikana. Dune ile haikupigwa picha hata siku moja. O'Bannon akarudi Marekani bila senti, akawa analala kwenye kochi la rafiki yake Ronald Shusett, na katika nyumba hiyo wawili hao wakaibuni hadithi ya Alien. Mfukoni hakuwa na kitu, lakini kichwani alikuwa na majina. Kwa hayo ya Paris akaongeza la mtu aliyesaidia kubuni chombo cha Dark Star: Ron Cobb.

Nataka tukae na Cobb, maana watu humruka waende kwa Giger, kama mtoto anayeruka ugali aende kwa nyama.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1937. Akiwa kijana alifanya kazi Disney, jeshi likampeleka Vietnam, akarudi akawa mchoraji wa vibonzo vya kisiasa katika gazeti la Los Angeles Free Press. Mwaka 1969 alibuni alama ya harakati za kutunza mazingira, akaiachia umma bila kudai chochote. Mtu wa namna hii ukimwambia akuchoree chombo cha angani haanzi na uzuri. Anaanza na nani atakifagia.

Nostromo ya Cobb imebanana. Dari ziko chini, viti vimechakaa, na kwenye meza ya chakula kuna ndege wa kuchezea anayeinama juu ya kikombe siku nzima bila sababu. Cobb alibuni mfumo mzima wa alama za kubandika ukutani: hapa kuna hewa, hapa hakuna nguvu ya uvutano, hapa ni baridi, hapa kuna kahawa. Kahawa! Alama hizo ziko kwenye milango na korido filamu nzima na hakuna mhusika anayezitaja, vile mimi na wewe hatutaji kile kibandiko cha matatu kinachotuambia idadi ya abiria, hasa tukiwa tumezidi.

Halafu jina la mwajiri. Wafanyakazi wa Nostromo husema "Kampuni" tu, kwa sauti ile sisi husema "serikali". Lakini ukitega jicho utaliona jina kwenye mkebe wa bia: Weylan-Yutani. Cobb alieleza kwamba alichotaka ni Leyland-Toyota, yaani Uingereza na Japani zimeungana na kuimiliki anga, lakini kwa kuwa hizo ni kampuni za kweli, akabadilisha herufi upande mmoja, na upande wa pili akaazima jina la jirani yake Mjapani. Mkenya akifika hapo lazima atabasamu. Leyland ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari Thika miaka hiyohiyo ya 1970. Toyota, sijui kama kuna mtu anasoma haya ambaye hajawahi kubanwa goti ndani ya moja. Mmarekani alikuwa anatania kuhusu siku za usoni huko Hollywood, na utani wake ulikuwa umeegeshwa kwetu.

Sasa tazama kile michoro hii inafanya ndani ya hadithi. Kabla zimwi halijatokea kuna mafundi wawili, Parker na Brett, yaani Yaphet Kotto na Harry Dean Stanton, wanaolalamika kuhusu bonasi. Wanapata sehemu ndogo kuliko wenzao na wanataka kujua kwa nini. Weka mazungumzo hayo ndani ya jumba la taa za zambarau na yatakuwa kichekesho. Ndani ya korido za Cobb yana uzito, kwa sababu ukuta wenyewe umeshakuambia kwamba hapa watu hulipwa kidogo. Mafundi wa studio za Shepperton, karibu na London, walizijenga korido hizo zikiwa zimeungana kama nyumba halisi na kuzijaza vyuma chakavu vya ndege. Mwigizaji aliyetaka kutoka alilazimika kupita mle mle.

(Foss naye alichora vyombo vingi vya rangi kama pipi, na karibu vyote viliishia kabatini. Moebius alifanya kazi siku chache tu, mavazi ya angani yakatoka kwenye karatasi zake, John Mollo akayatengeneza. Tuendelee.)

Giger alizaliwa Chur, Uswisi, mwaka 1940, mtoto wa mfamasia. Alisumbuliwa na majinamizi usiku na akawa anayachora mchana. Alisomea Zürich usanifu na ubunifu wa bidhaa za viwandani, jambo ambalo wanaompenda kwa ajili ya mashetani yake husahau: mkono wake ulifunzwa kuchora vitu vinavyoundwa. Zana yake kuu ilikuwa brashi ya hewa, ndugu wa ile inayopuliza sura za wanamuziki kwenye matatu zetu. O'Bannon alimwonyesha Scott kitabu cha Giger, Necronomicon, kilichotoka mwaka 1977, na Scott akagota kwenye picha moja ya 1976 inayoitwa Necronom IV. Kiumbe mwenye kichwa kirefu kilichorudi nyuma kama ganda, mbavu zinazofanana na mabomba na mabomba yanayofanana na mbavu, na huwezi kusema mwili umeishia wapi na mashine imeanzia wapi. Wakubwa wa Fox walisita. Waliona picha hizo zinatisha kupita kiasi, malalamiko ya ajabu kutoka kwa watu wanaolipia filamu ya kutisha.

Cobb anataka ujue kila kitu kinafanyaje kazi. Giger hakujibu swali hata moja. Kiumbe huyu anaona vipi? Katika Necronom IV alikuwa na macho makubwa meusi kama miwani. Kwa ajili ya filamu Giger akayaondoa. Kitu kisicho na macho hujui kama kinakutazama, na hujui kimekuona tangu lini. Uamuzi mmoja wa mchoraji, na sehemu kubwa ya hofu ya filamu inatoka hapo, kuliko meno yote.

Mwaka 1978 alikuwa Shepperton akijenga kwa mikono yake. Udongo wa kufinyangia, mifupa ya kweli, pingili za uti wa mgongo wa nyoka, mabomba ya kupoza injini ya Rolls-Royce, fuvu la binadamu ndani ya kichwa cha zimwi. Mwitalia Carlo Rambaldi akatengeneza mitambo ya kichwa na taya. Kano za taya zilikuwa kondomu zilizochanwachanwa; mniwie radhi mnaosoma mkila.

Wazee walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Scott aliwafungia humo makusudi. Binadamu na vyombo vyao alimwachia Cobb. Yai, zimwi na kile chombo kilichotelekezwa akamwachia Giger. Hakutafuta mtindo wa katikati. Na ugomvi ukaanza kuzaa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni damu. O'Bannon alikuwa na tatizo ambalo mtazamaji yeyote wa mtaani angelipigia kelele: kwa nini wasiliue tu hilo dude waende zao? Cobb akampa jibu. Damu yake iwe asidi. Ukilijeruhi, damu inatoboa sakafu, kisha sakafu ya chini yake, kisha ngozi ya chombo, na nyote mnakosa hewa. Hilo ni wazo la mtu wa mabomba. Mtu wa majinamizi hafikirii unene wa sakafu. Lakini wazo hilo liliingia ndani ya mwili uliochorwa na mwenzake, na likatupa lile tukio ambalo watu wanakimbia ngazi kwa ngazi kuteremka, wakitazama dari juu yao likifuka moshi, wakiomba lisitoboke tena. Ondoa Cobb na zimwi linapigwa risasi mapema filamu iishe. Ondoa Giger na una filamu nzuri kuhusu malori.

Kisha kuna mwisho. Ripley, yaani Sigourney Weaver, amebaki peke yake, amekimbilia chombo kidogo cha kuokolea, anadhani yamekwisha. Zimwi limejikunja ukutani katikati ya mabomba, mbele ya macho yetu, na hatulioni hadi linaponyoosha mkono. Nimeitazama filamu hii labda mara nane na bado mahali hapo hunidanganya. Mbavu za Giger na mabomba ya binadamu, ambavyo kwa saa nzima na zaidi vilikuwa vitu viwili vinavyochukiana, ghafla vinalandana. Na kwa nini visilandane? Kimoja kimejengwa kwa vyuma vya ndege, kingine kwa vipuri vya Rolls-Royce. Wakati huo tumeshajua kwamba Kampuni ndiyo iliyolitaka zimwi, na kwamba amri ya siri iliruhusu wafanyakazi wafe ilimradi lenyewe lifike salama. Yule aliyebandika alama ya kahawa ukutani na yule aliyefuga jinamizi ni bwana mmoja. Ningekuwa nimeambiwa hivyo kwa maneno ningepiga miayo. Nimeonyeshwa na ukuta. Na ningeonyeshwaje kama ukuta na zimwi vingetoka kwenye mkono mmoja tangu mwanzo? Vingefanana toka dakika ya kwanza, na hakuna siri ambayo ingebaki ya kugundua.

Yuko mtu wa tatu, na sitaki kumpita. Ndani ya vazi la zimwi alikuwa Bolaji Badejo, kijana Mnigeria mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, aliyepatikana kwenye baa ya Soho, London. Walichukua vipimo vya mwili wake, wakajenga jinamizi la Mswisi juu yake. Alijifunza tai chi na uigizaji wa kimya ili atembee bila kufanana na mtu. Kwa sababu ya mkia hakuweza kuketi kwenye kiti, wakamfungia bembea ya kupumzikia. Hakuwahi kucheza filamu nyingine, na alifariki mwaka 1992. Kinachonikera ni hiki: Badejo alikuwa mwanafunzi wa sanaa. Mwaka 1980 Giger, Rambaldi na wenzao walipata Oscar ya madoido. Cobb hakuwemo, na Badejo hakuna hata aliyemfikiria. Mwafrika pekee aliyekuwa karibu hivyo na mchoro huo alikuwa ndani yake, akihema, na sijasoma popote kwamba kuna aliyemuuliza yeye angechora nini.

Ukitaka ushahidi wa upande wa pili, Scott mwenyewe ameuleta. Katika Alien kuna maiti ya jitu kubwa la kale lililoketi kwenye kiti chake ndani ya kile chombo, kana kwamba limeota kutoka kitini. Kazi ya Giger. Ili lionekane kubwa zaidi, Scott aliwavalisha watoto wake mavazi madogo ya angani na kuwapiga picha wakiwa wamesimama kando yake. Mchoro ule ulituachia swali, na tuliishi nalo vizuri miaka thelathini na zaidi. Mwaka 2012 Scott akarudi na Prometheus na kutujibu: lile lilikuwa vazi tu, ndani yake mlikuwa na jamaa mrefu mweupe mwenye misuli. Prometheus ni safi, inang'aa, kila kifaa kinaafikiana na kila ukuta. Sijakutana na mtu aliyeiota usiku.

Nikampigia rafiki yangu. Nikamwambia tatizo la picha zake 214 ni kwamba humo hamna anayefagia. Akacheka, nikamwambia sichezi. Ile mvua na zile taa zina mwenyewe. Syd Mead aliajiriwa kuchora magari ya Blade Runner (1982), akachora gari pamoja na barabara iliyo nyuma yake, Scott akaipenda barabara. Mead alikuwa ametoka kwenye ubunifu wa magari ya Ford. Alijua barabara hiyo imelowa kwa nini na gari hilo linageuka wapi. Mashine imeirithi mvua bila sababu yake. Inachukua picha zote zilizowahi kupendwa, inatafuta mahali zinapokubaliana, na kuturudishia hapo katikati. Juu yake imefunga shuka ili tujue ni Kenya.

Na haikuanza na mashine, tuwe wakweli. Tumekuwa na watu wa damu na nyama wanaofanya kazi hiyohiyo ya kunakili kwa miaka. Mimi hata ningekubali mashine iwe fahali mmoja zizini, ilete yake. Lakini fahali wa pili ni nani, ikiwa mchoraji pekee aliyeajiriwa analipwa kuhesabu vidole?

Ajabu ni kwamba ugomvi huu hapa kwetu tunaujua. Nenda karakana yoyote ya kujenga matatu. Fundi wa bodi anawaza uzito, viti, mlango ambao makanga atauning'inia. Msanii wa kupuliza rangi anawaza kitu tofauti kabisa: moto, sura ya marehemu, malaika mwenye bunduki. Hakuna anayewapatanisha, na gari likitoka barabarani watoto wanalijua kwa jina. Katika filamu pia tumewahi. Wanuri Kahiu alipotoa Pumzi mwaka 2009, kitu kilichobeba hadithi yote ya dunia iliyokaukiwa hakikuwa jumba refu. Kilikuwa chupa. Jasho la mtu linakusanywa, mkojo unasafishwa, umeme unatoka kwa watu wanaofanya mazoezi kwenye mashine. Mtu fulani alikaa akauliza hapa watu wanakunywa nini, na jibu likawa hadithi. Filamu ya Neptune Frost (2021), iliyopigwa Rwanda, Cedric Mizero aliivalisha vipande vya kompyuta na nyaya, na mavazi hayo hayakubaliani na miili iliyoyavaa. Unaona kabisa yanawakwaruza.

Rafiki yangu alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Sawa, basi nipe siku mbili."

Alichagua picha namba 61, jumba refu kuliko yote, akachora upya juu yake. Lifti imekufa. Nje ya jumba kuna ngazi za chuma zinazopanda hadi kwenye mawingu, na katikati ya kila kidato chuma kimelika kwa miguu. Wanawake watatu wanapanda na mitungi ya lita ishirini. Mmoja amepumzika, mtungi ameufunga kamba kwenye reli, na reli ina mikwaruzo mahali ambapo kamba nyingi zimewahi kufungwa. Kwenye kibao cha mkono kuna bei ya maji kwa ghorofa: ya kwanza hadi ya kumi bei moja, ya kumi na moja hadi ya ishirini nyingine, inapanda hivyo hivyo. Mstari wa mwisho unasema: "90 kwenda juu, tuongee." Na ukutani, nyuma ya yule aliyepumzika, kuna kitu ambacho sijakielewa, kirefu, kinachofanana na bomba la maji taka, ila kinaonekana kama kimevuta pumzi. Nilimuuliza ni nini. Alikataa kuniambia.

Aliwatumia Jumatatu. Jibu lilikuja jioni: ni kali sana, lakini zile taa za zambarau zimeenda wapi?

Mpaka naandika haya hajawajibu. Ametengeneza karatasi mpya ya bei, amepandisha mara mbili, na bado anaitazama kabla ya kubonyeza.